Deni la Uenyeji

Barabara ya kutoka Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita jirani na Kalenga, kisha Mlambalasi, ndipo hushuka kwenye joto la Idodi. Kaburi la Chifu Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, liko Mlambalasi. Fuvu lake liko Kalenga. Fuvu hilo lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa nyumbani 1954. Nyuma ya dai refu la kulirudisha kuna imani moja: mtu ni wa pale walipolala wazee wake.

Imani hiyo Waswisi nao wanayo. Pasi ya Mswisi haiandiki alikozaliwa, huandika mji au kijiji cha asili alichorithi kwa wazazi, hata kama hajawahi kukikanyaga. Basi tumfikirie mkulima wa asili ya Uswisi, mwenye mke na watoto, anayelima mpunga Idodi. Mwanawe amezaliwa hapo na kuota meno hapo, anatania wenzake kwa Kihehe, lakini pasi inasema kwao ni bonde fulani la Alpi. Kijana wa Kihehe aliyezaliwa Temeke naye, akiulizwa kwao ni wapi, atajibu Iringa. Kwa wote wawili, damu ndiyo inayojibu, na mahali wanapoishi pananyamaza.

Wapo wanaosema jasho lina haki kuliko damu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na akishalima miaka thelathini, ni nani atamwita mgeni? John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alishikilia kwamba anayechanganya kazi yake na ardhi hujipatia haki juu yake. Hoja tamu, ila ina meno. Mfugaji hapigi matuta. Ng'ombe wake wakishapita, nyasi huota tena na alama haibaki, kana kwamba hakuwahi kuwapo. Na kibarua aliyelima shamba la mwingine maisha yake yote? Naye jasho lake limeingia ardhini, lakini jioni huondoka na ujira tu.

Inabaki hati. Kwa kawaida Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na sheria ya uraia ya 1995 haimpi mtu mzima nafasi ya kushika uraia wa nchi mbili. Sheria inajua kutenganisha raia na asiye raia. Haijui kusema nani ataitwa usiku jirani akifiwa.

Nadhani jibu liko kwenye mfereji. Mashamba ya mpunga ya Idodi hunywa maji ya mto kwa mifereji, na mvua kubwa ikinyesha mfereji hujaa mchanga na magugu. Lazima watu washuke na makoleo, wauzibue, ndipo majaruba yaandaliwe. Kisha kuna zamu. Wa juu akifungulia maji usiku kwa siri, wa chini huamka na kukuta kitalu chake hakina maji. Anajua mlango wa kwenda kugonga, na anajua ana haki ya kufoka.

Haki hiyo ya kufoka na kufokewa ndiyo uenyeji. Mwekezaji hudaiwa kodi. Akilipa, amemalizana na mahali. Mwenyeji hamalizani. Anadaiwa siku ya koleo, zamu ya kulinda shamba tembo wakitoka hifadhini, gari la kumpeleka mjamzito hospitali, na sikio la kusikiliza lawama. Siku majirani watakapoacha kumlaumu na kuanza kumnyenyekea tu, hapo ndipo ajue bado ni mgeni.

Lakini deni peke yake halimlindi mtu. Waasia wa Uganda walikopa na kukopeshana na majirani zao kwa vizazi, na mwaka 1972 Idi Amin akawapa siku 90 wawe wameondoka. Kwa hiyo hati si karatasi ya bure: hairutubishi uenyeji, ila huuzungushia ua ili mwenye nguvu asiukanyage. Kosa letu ni kuudhania ua kuwa ndio shamba.

Hapo ndipo ubaba unapopimwa. Mkulima yule wa asili ya Uswisi anaweza kuwaachia wanawe jina la ukoo na pasi bila wao kuinua kidole. Uenyeji haurithiwi hivyo. Anachoweza kuwaachia ni nafasi yake kwenye mfereji, pamoja na madai yake yote. Wakiyapokea na kushika koleo, wao ni wa Idodi. Wakiyakataa, watakuwa wana wa mtu aliyewahi kuwa wa Idodi, na hilo litamhusu mtoto wa Mhehe sawasawa na wa Mswisi.