Jumanne: Rangi Juu ya Unyevu

Soma Mambo ya Walawi 14:33-45. Kuhani aliagiza mambo gani yafanyike kabla ya nyumba yenye pigo kubomolewa?

Nyumba aliyotuachia baba Uyole, Mbeya, ilikuwa na ukuta uliolowa kila msimu wa mvua. Kila mwaka tulipaka rangi. Tulipoamua kuikarabati, fundi aligonga lipu ikaanguka yote. Matofali ya ndani yalikuwa yameoza. Katika baridi ya Juni tukalala wote chumba kimoja, vumbi hadi kwenye ugali. Usiku mmoja mdogo wangu akataja fedha za shamba nilizotumia bila kumwambia, jambo tulilolinyamazia miaka tisa. Nilikasirika, kisha nikaona aibu. Asubuhi nilimwomba msamaha, nikaanza kumlipa.

Angalia utaratibu wa Mungu: vyombo vilitolewa nje, mawe yenye pigo yakaondolewa, mengine yakawekwa mahali pake, nyumba ikapigwa lipu upya. Ilibomolewa pale tu pigo liliporudi. Mungu hana haraka ya kutubomoa, lakini haifuniki dhambi kwa rangi.

Zungumzeni darasani: Kwa nini ni rahisi kupaka rangi kuliko kutoa jiwe bovu? Je, kuna ndugu unayepaswa kumwendea kabla ya Sabato?