Adabu ya Fimbo na Adabu ya Moyo

Ndugu msomaji, wengi wetu tutamaliza chuo na kushika chaki, shuleni au madrasa. Swali linalotungoja huko ni hili: je, mtoto aliyenyamaza kwa kuogopa fimbo amepata adabu?

Hapa Uganda sheria imeshasema. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni. Hata hivyo fimbo bado ipo, na wako miongoni mwetu wanaoitetea kwa dini. Hoja yao ni Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba watoto waamrishwe Swala wakiwa na miaka 7, na wapigwe kwa kuiacha wakifika 10.

Tuisome Hadithi hiyo yote. Kati ya miaka 7 na 10 kuna Swala zaidi ya 5,000. Mzazi ametakiwa kukumbusha miaka 3 mizima kabla mkono haujanyanyuka. Sisi tunamchapa mtoto siku ya kwanza, kwa kuchelewa au kukosea hesabu! Anayeshika nusu ya pili ya Hadithi na aanze na ile ya kwanza. Isitoshe, Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10 tangu utotoni, akashuhudia kwamba hakumgunia hata siku moja.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, anaeleza kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila, akionyesha yasiyo moyoni mwake ili mkono usimfikie. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto huyo hajafundishwa kumcha Mwenyezi Mungu, amefundishwa kumwogopa mwalimu. Na mwalimu hulala, husafiri, hugeukia ubao. Akigeuka tu, adabu imekwisha.

Mtu atasema: darasa lina watoto 80, upole utamtuliza nani? Ni kweli, kazi ni ngumu. Lakini upole si kulegea. Kanuni ziwe chache na zijulikane, mkosaji asikilizwe faraghani, alichoharibu akitengeneze, mzazi aitwe mapema, na mwalimu mwenyewe awahi kipindi. Hayo yanachosha kuliko kuchapa. Ndiyo maana fimbo inapendwa: humpumzisha mwalimu, wala haimlei mtoto.

Basi tujiulize kabla ya kuingia darasani: tunataka wanafunzi wa kutuogopa, au watakaokuwa wema hata tusipokuwapo?

Wabillahi tawfiq.