Ijara ya Marehemu

David, Bobby na Dannis Hackney, ndugu watatu wa Detroit, Marekani, walipozitia nyimbo zao za panki kandani mwaka 1975, walitakiwa na mkuu wa kampuni ya muziki wageuze jina la kundi lao, Death, yaani mauti. Nao, kwa kuwa David, kiongozi wao, hakuyaona mauti kuwa shari, wakakataa. David alifariki mwaka 2000; santuri ya nyimbo zile haikutolewa hadi 2009, ndipo ikasifiwa. Je, marehemu amelipwa? Wako wasemao kuwa sifa ya baadaye ni ijara. Mimi siafiki, kwani sifa hiyo huwafikia walio hai, na sisi wanunuzi ndio tunaofaidi. Amma kule kukataa, kulikuwa amali timilifu tangu saa ile, hata lau kanda zile zingaliozea darini.