Damu Yetu Ina Kosa Gani?

Mtoto wa dada yangu alivimba taya akiwa na miaka 6. Haikupita muda mrefu tukamzika. Daktari alituambia ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za damu nyeupe. Matanga yalipoisha, watu waliokuwa wamemposa dada yake mkubwa wakanyamaza. Halafu mshenga wao akanifuata kwenye foleni ya posho: "Mjomba, wanasema ukoo wenu una damu mbaya."

Nilimjibu kwa hasira kwamba ugonjwa ule hauhusiani na ukoo hata kidogo. Wakarudi, mahari ikatolewa. Shida ni kwamba sikusema kweli yote.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Kampala, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya chembe zake. Kirusi hicho karibu sote tunacho, huenda hata wewe unayesoma. Malaria ya kila mara inavuruga kinga ya mtoto, kisha ndani ya chembe moja vipande vya kromosomu vinahamishana mahali. Hilo mtoto harithi kwa mama wala baba. Hapo nilikuwa sawa.

Lakini chembe za kinga huitana kwa ishara, na jeni za kupiga kengele hiyo hatukupewa sawa. Tofauti moja katika jeni ya TNF imeonekana kuongeza hatari ya limfoma ya aina nyingine, kidogo tu. Wengi wanayo na hawaugui. Na selimundu je? Ukirithi jeni moja inakukinga na malaria kali, ukirithi mbili unaumwa. Sasa hiyo tuiite damu nzuri au mbaya?

Neno "kidogo" halifiki mbali. Likifika bombani limeshakuwa "sana". (Ninyi wa mashirika mnaouliza "kwenu nani aliugua?" mbele ya watu, swali ni zuri, ila ulizeni pembeni.) Ndiyo maana nilinyamaza. Ila kinachoniuma si uongo wenyewe. Nilikubali kwamba damu ya mtu inaweza kushtakiwa, nikatetea ya kwetu tu. Nilipaswa kuuliza: hata ingekuwa ya ukoo, binti kakosa nini? Niliogopa posa itavunjika.

Binti sasa ana mimba. Juzi mkwe alikuja kuazima jembe, nikamwambia arudi Jumapili, tuna maongezi.