Shimo la al-Battani Mwezini, na Uongo Usemwao kwa Ajili ya Dini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba jua na mwezi akavipitisha kwa hisabu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, tulikuwa Kulesa, ukingoni mwa Mto Tana upande wa Garsen, kwa ziara ya darsa. Ulikuwa usiku wa mwezi nane. Baada ya sala ya Isha tuliketi uwanjani, na mwezi umefika nusu yake, wala hapakuwa na taa za mji za kuufifiza. Kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alitoa simu yake akatuonyesha picha ya ardhi ya mwezi yenye ufa mrefu, na chini yake yameandikwa maneno kwamba huu ndio ufa wa mwezi uliopasuka zama za Mtume (S.A.W.). Akasema: "Sheikh, picha hii nilikwenda nayo skuli nikawaonyesha wenzangu. Mwalimu akatueleza kuwa ufa huu hauuzunguki mwezi, nao wenzangu wakanicheka. Sasa nauliza: ikiwa hili si kweli, je, na lile lililomo katika Qur'ani?"

Hatukumjibu papo hapo. Na tukisema haki, sababu yake ni kuwa picha ile ile sisi wenyewe tulipata kuitaja juu ya mimbari miaka iliyopita, na watu wakaleta takbira, nasi tukafurahi. Hatukuichunguza kabla ya kuisema. Basi maneno haya ni jawabu la kijana yule, na ni toba yetu.

Kwanza, khabari ya ufa. Picha yenyewe ni ya kweli. Maneno yaliyobandikwa chini yake ndiyo ya uongo. Ilipigwa mwaka 1969 na wasafiri wa chombo cha Apollo 10. Ufa huo huitwa Ariadaeus, na urefu wake ni karibu kilomita 300. Mzunguko wa mwezi mzima ni karibu kilomita 10,900. Basi ufa huo haufiki hata sehemu moja katika thelathini ya mzunguko wake. Ni ardhi iliyodidimia baina ya mipasuko miwili, kwa namna ya Bonde la Ufa tulijualo huku kwetu bara, nao ni wa kale mno, kabla hajakuwako mwanadamu yeyote.

Pili, khabari ya adhana. Imeenezwa kuwa Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezi Julai 1969, alisikia adhana huko, kisha akaja kusilimu. Mtu huyo mwenyewe alikanusha. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwaarifu mabalozi wake katika nchi za Waislamu kwamba hakusilimu. Alikufa mwaka 2012 hali hajabadili neno lake. Zaidi ya hayo, sauti huchukuliwa na hewa, na mwezini hakuna hewa ya kuchukua sauti. Uongo huu ulikuwa rahisi kugundulika, nasi tuliupokea kwa kuwa tuliupenda.

Na ajabu iliyoje, kwamba tumeshughulika na ufa usio wetu, na huko huko mwezini liko shimo kubwa lenye jina la Mwislamu, nasi hatulijui! Kijana yule tulimwonyesha mahali lilipo, karibu na kati ya uso wa mwezi, chini kidogo. Usiku wa mwezi saba au nane ndio mzuri wa kulitazama, kwani hapo jua lalipiga kwa ubavu, na vivuli vyake huwa virefu. Mwenye darubini ndogo atalipata.

Shimo hilo huitwa Albategnius, na hivyo ndivyo Wazungu walivyolitamka jina la al-Battani. Upana wake ni karibu kilomita 114, karibu sawa na safari ya gari kutoka Mombasa hadi Malindi. Kina chake chapita kilomita 4. Limezungukwa na kuta zenye madaraja madaraja, ambazo zimeliwa na kubomoka kwa mapigo ya mawe yaliyofuatia baadaye. Sakafu yake ni sawa, na juu ya sakafu hiyo, si katikati hasa bali kuelekea magharibi kidogo, pamesimama mlima wa karibu kilomita moja na nusu. Upande wa kusini magharibi ukuta umevunjwa na shimo jingine liitwalo Klein, lenye upana wa kilomita 44.

Wengine walidhani zamani kuwa mashimo haya ni midomo ya milima ya moto. Leo imebainika kuwa shimo kama hili lilifanywa na jiwe kubwa lililotoka angani likaupiga mwezi kwa kasi, zaidi ya miaka milioni elfu 3 iliyopita. Na mlima ule wa ndani ulitokana na pigo lenyewe: ardhi iliyobonyezwa kwa nguvu ilirejea juu, mfano wa maji ya mto yanavyoruka katikati ukitupa jiwe. Kwa kuwa mwezini hakuna mvua wala upepo, alama imebaki hata leo.

Inaaminiwa kuwa shimo hili ndilo Galileo alilolichora mwaka 1610 kwa darubini yake. Na mwaka 1962 wataalamu wa Marekani walipeleka nuru ya leza kutoka ardhini, ikaangukia ndani yake, ikarejea.

Na al-Battani alikuwa nani? Ni Muhammad bin Jabir, mzaliwa wa Harran. Alizitazama nyota katika mji wa Raqqa, kando ya mto Furati, tangu mwaka 877 hata mwaka 918, yaani zaidi ya miaka arubaini, naye hana darubini. Aliupima mwaka wa jua akapata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24, akakosea kwa dakika mbili na kitu tu. Alimheshimu Batlimusi, mwalimu wa Wayunani, lakini alipoona hisabu yake haiafikiani na mbingu, aliisahihisha. Copernicus alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1543. Na aliyelipa shimo lile jina lake, mwaka 1651, alikuwa padri wa Kitaliani, Riccioli. Padri hakuvutwa na uzushi. Alivutwa na kazi ya kweli.

Huenda mtu akasema: "Sheikh, ubaya ni upi, ikiwa picha ile yawavuta watu katika dini?" Twamjibu kwa mwendo wa Mtume wetu. Alipofariki mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku ile ile. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Lau angenyamaza tu, ungekuwa muujiza mkubwa machoni pa watu. Naye hakunyamaza, na hali moyo wake una huzuni ya mwana. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake, akawaswalisha. Basi ikiwa Mtume alikataa kuthibitishwa kwa lisilo kweli, sisi ni nani hata tumthibitishe kwa picha ya uzushi?

Kupasuka kwa mwezi twakuamini, kwani kumetajwa katika Sura ya al-Qamar na kumepokewa katika hadithi sahihi. Imani hiyo ilisimama karne kumi na tatu na zaidi kabla ya picha hiyo kuwako. Anayeiegemeza kwenye picha ya uzushi ameiegemeza kwenye ukuta wa mchanga, na siku ukuta ukianguka, huanguka na kijana aliyeuegemea. Dhambi ya kuanguka kwake haiko kwa mwalimu aliyesema kweli. Iko kwetu.

Kwa hivyo twawausia makhatibu, na nafsi zetu kwanza: khabari isiyothibiti isipandishwe mimbari. Twawausia wenye simu: usiipeleke kwa mwenzako khabari usiyoijua asili yake. Na twawausia wazazi: waacheni watoto wenu wasome ilimu ya falaki na hisabu, kwani ni ilimu ya wazee wenu.

Nawe mwanangu wa Kulesa, rudi skuli kwa mwalimu wako umshukuru, na uwaambie wenzako kwamba picha haikuwa dalili, na kwamba sheikh wako amekiri kosa lake. Kisha uwaonyeshe shimo la al-Battani.

Mwenyezi Mungu atupe ukweli katika ndimi zetu. Wabillahi tawfiq.