NJIWA WA MTOTO NA MKONO WA NUHU

Neno la msingi: Mwanzo 8:8-12, Kumbukumbu la Torati 22:1-3, Luka 15:1-7

 

Sisi wazee wa kanisa tunapenda kuwashirikisha jambo dogo lililotokea hapa kwetu Nakivale. Labda mtu atasema, "Habari ya ndege inahusu nini kanisa?" Tunaomba mvumilie hadi mwisho, kwa maana jambo hili lilitukemea sisi kwanza.

Mama mmoja mjane wa kanisa letu ana mtoto wa kiume wa miaka 10. Kule kwao Masisi, baba wa mtoto alikuwa akifuga njiwa. Baba huyo hakufika huku pamoja nao. Mtoto alichotea watu maji kwa vidumu hadi akapata fedha ya kununua njiwa wawili, dume na jike, kwa mwenyeji mmoja wa kijiji cha jirani. Siku ya tatu aliwafungulia waote jua. Dume alibaki juu ya bati. Jike akaruka, akatua juu ya mti.

Watu wazima tulitoka kusaidia, lakini tulisaidiaje? Wengine walipiga kelele. Vijana walirusha mawe wakisema atashuka. Mmoja alipanda mti. Njiwa aliogopa, akaenda mbali zaidi, na jioni hakuonekana tena. Mtoto alikataa kula.

Mzee wetu mmoja, aliyefuga njiwa miaka mingi kule Kivu, alituambia: "Ndege mwenye hofu haji kwa anayemkimbiza. Nyamazeni, mngoje asubuhi, maana njiwa hulala giza likiingia." Akatuagiza tuweke tundu la dume mahali pa juu, palipo wazi, ili mwenzake amwone na kumsikia. Kando yake tuweke mtama na maji, na tundu jingine lenye mlango wazi. Mwisho akasema: "Mkimkosa, nendeni kwa aliyewauza. Njiwa hurudi mahali alipokulia. Nyumba mpya haijui bado. Ilipasa akae ndani majuma kadhaa, akiangalia nje, ndipo aijue kuwa ni kwake."

Kulipopambazuka tulifanya hivyo. Hakuja. Siku ya pili hakuja. Basi yule mama na mwanawe walishika njia hadi kwa mwenyeji, na huko wakamkuta njiwa! Alikuwa amerudi jioni ile ile. Mwenyeji alikuwa akimlisha, akingoja siku ya soko ili awarudishie. Angeweza kunyamaza na kumuuza mara ya pili. Hasali pamoja nasi, na lugha yetu anaijua kidogo tu, lakini alitenda sawasawa na Torati, kwamba kitu cha ndugu yako kilichopotea ukitunze kwako hadi mwenyewe aje kukitafuta.

Wapendwa, ni nani kati yetu asiyemwelewa njiwa yule? Miili yetu iko hapa, lakini moyo unaruka kurudi Masisi, Fizi, Bunia. Si dhambi kukumbuka kwetu.

Sasa mtazameni Nuhu. Njiwa wake alitoka, akakosa mahali pa kukanyaga kwa sababu maji yalikuwa yamefunika nchi yote, akarudi. Nuhu hakumwuliza mbona amerudi bure. Alinyoosha mkono, akamtwaa, akamwingiza ndani kwake. Siku tulipovuka mpaka, sisi nasi hatukuwa na mahali pa kukanyaga. Kuna watu walitunyooshea mkono, huyu kwa uji, yule kwa shamba la kulima. Mungu alipita katika mikono yao.

Je, sisi tumemnyooshea nani mkono? Hapa ndipo tulipokemewa. Binti mmoja wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Tulimsimamisha mbele ya watu. Tulimsema bombani na njiani. Akahamia zoni nyingine. Tangu hapo tumekuwa tukisema, "Tulimtafuta, akakataa kurudi." Ndugu zangu, hatukumtafuta. Tulimkimbiza. Maneno yetu yalikuwa mawe yale yale ya vijana chini ya mti. Kwa ukurasa huu tunaomba msamaha kwake, kwa wazazi wake na kwa kanisa.

Mama wawili wamekwisha kwenda kumtembelea. Walibeba sabuni na nguo za mtoto. Hawakubeba barua ya onyo. Aliwafungulia, akalia, wakaomba pamoja. Mpaka tunapoandika hajarudi ibadani, wala hatumhesabii siku. Nafasi yake katika kwaya haijapewa mtu. Mchungaji wa Luka 15 hakutuma ujumbe kwa kondoo. Alikwenda mwenyewe, na alipompata alimbeba mabegani kwa furaha.

Tena, wako kati yetu waliopotezana na watoto au wazazi wakati wa vita. Msikae na uchungu huo peke yenu. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa, bila malipo. Nendeni mkaeleze majina na mahali mlipoachana, kama yule mama alivyokwenda kuuliza. Na kama unaishi na mtoto uliyemkuta njiani, umefanya vema kumtunza. Usimfiche. Huenda kuna mama anayemlilia.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila aliyepotea ataonekana. Hata njiwa wa Nuhu, alipotumwa mara ya tatu, hakurudi tena, na Nuhu hakumlaani. Tunaowangoja bado, Mungu anajua mahali walipotua. Kazi yetu ni kuuliza bila kuchoka, na kuacha mlango wazi.

Yule jike alikaa ndani majuma sita. Siku ya kufunguliwa, mtoto alisimama kimya, na sisi tukasimama kimya. Njiwa aliruka, akaizunguka nyumba mara mbili, akashuka juu ya bati kando ya mwenzake. Siku hiyo mtoto alimsimulia mama yake habari za njiwa wa baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulitaja tangu walipofika.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetunyooshea mkono tulipokosa mahali pa kukanyaga, utuondolee mawe mikononi. Utufundishe kungoja, na utufundishe kwenda. Uwakumbuke wetu wote walio mbali. Kwa jina la Yesu. Amina.