Mguu wa Kushoto: Juu ya Kupendelea Gari la Manuali

Kupendelea gari la manuali ni kuchagua kufanya kazi ambayo mashine ingeweza kuifanya. Gari la otomatiki hubadili gia lenyewe. La manuali humtaka dereva akanyage klachi kwa mguu wa kushoto, asogeze gia kwa mkono, kisha aiachie klachi taratibu huku mguu wa kulia ukiongeza mafuta. Magari yote mawili hufika. Swali la kifalsafa linaanzia hapo: ikiwa safari ni ileile na kufika ni kulekule, je, ustadi uliotumika njiani una thamani yake wenyewe, au thamani hiyo hukoma siku mashine inapoumudu?

Igoma, upande wa mashariki wa jiji la Mwanza kwenye barabara iendayo Musoma, ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hili, kwa kuwa aina zote mbili hukutana hapo kwa mgawanyo ulio wazi. Hiace za daladala zinazokwenda mjini kupitia Nyakato, Buzuruga na Mabatini, malori ya Fuso na Scania yanayoelekea Musoma na mpaka wa Sirari, na bodaboda zinazongoja abiria, kwa sehemu kubwa ni vyombo vya klachi. Magari madogo ya watu binafsi, yaani IST, Vitz, Passo, Raum na ndugu zao, karibu yote ni otomatiki. Mgawanyo huu haukutokana na wakazi wa Mwanza kukaa na kupima faida na hasara. Magari hayo hununuliwa yakiwa yameshatumika Japani, na huko wanunuzi wa magari madogo waliihama manuali zamani. Tangu 1991 Japani hutoa hata leseni ya otomatiki peke yake. Mnunuzi wa Igoma anachagua ndani ya kile ambacho mtu wa Nagoya au Osaka alikwisha kukichagua miaka mingi kabla yake. Kabla ya biashara ya nje kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, enzi za Land Rover, Peugeot 504 na malori ya Bedford, Mtanzania hakuwa na cha kupendelea. Aliyejua gari alijua klachi, basi.

Ili kuona ustadi wenyewe uko wapi, lazima kutazama kidogo chini ya sakafu ya gari. Injini ya petroli au dizeli haiwezi kuanza kuvuta mzigo ikiwa imesimama, na ikizunguka polepole mno huzima. Magurudumu nayo lazima yaanze kutoka kwenye kusimama. Klachi ndiyo inayopatanisha hali hizo mbili: ni sahani inayobanwa kwenye gurudumu zito la injini. Ikibanwa kabisa, injini na giaboksi huzunguka pamoja. Ikiachwa huru, kila kimoja hushika njia yake. Katikati kuna nafasi finyu katika mwendo wa pedeli ambapo sahani inateleza na kushika kwa wakati mmoja. Wanafunzi wa udereva huita kuitafuta nafasi hiyo kubalansi klachi. Anayeachia haraka, gari linaruka na kuzima. Anayechelewa huku amekanyaga mafuta, abiria wote wanasikia harufu ya klachi inayoungua. Otomatiki iliondoa tatizo hilo kwa kuweka mafuta ya giaboksi mahali pa sahani, injini ikiyazungusha na yenyewe yakiisukuma giaboksi, kwa hiyo gari linaweza kusimama na injini ikaendelea kunguruma bila kukwama. General Motors iliuza mfumo wa namna hiyo katika Oldsmobile za mwaka 1940; Toyota ilileta wake, Toyoglide, mwaka 1959.

Watetezi wa manuali kwa kawaida huanza na hoja za mfukoni. Wanasema hula mafuta kidogo. Wanasema klachi fundi yeyote wa gereji ya pembeni anaibadilisha, ilhali giaboksi ya otomatiki wenye kuifungua ni wachache. Wanasema pia kwamba betri ikifa, manuali husukumwa ikawaka, na hili ni kweli kwa sababu ya kiufundi: katika otomatiki nyingi pampu inayojaza giaboksi presha huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikiwa imelala magurudumu hayana njia ya kuiamsha. Lakini hoja hizi, hata zilizo sahihi, hazigusi swali. Ile ya mafuta imeshazeeka, maana otomatiki za kisasa zenye gia nane au zaidi hulingana na manuali na mara nyingine huishinda. Zile nyingine zinategemea hali ya gereji na ya betri. Anayeipenda manuali kwa sababu inasukumika, mnunulie betri mpya. Kama upendo wake umekwisha, hakuwa anaipenda manuali.

Hoja yenye uzito inahusu aina ya ujuzi. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoikamilisha mwaka 1377, aliuelezea ufundi kuwa ni hali inayokita katika nafsi kwa kurudiwa kwa tendo mpaka umbo lake lithibiti ndani ya mtendaji. Akaongeza kwamba kinachopokewa kwa kuona kikitendwa hukamilika zaidi kuliko kinachopokewa kwa kusimuliwa. Maelezo hayo yanamfaa sana kijana anayeanza kama konda. Amekaa karibu na dereva miezi mingi, ameuona mguu ukipanda na kushuka, ameusikia mlio wa injini kabla ya kila gia. Siku moja anaruhusiwa kuligeuza gari kituoni, baadaye anapewa tripu chache kama deiwaka, yaani dereva wa kujazia, na siku ya kukabidhiwa gari zima inamkuta tayari. Hakuna aliyemweleza klachi inashika wapi. Wala asingeweza kuelezwa, kwa kuwa kila gari hushika mahali pake, na klachi iliyochakaa hushika juu zaidi kuliko mpya.

Michael Polanyi alilifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine katika Personal Knowledge, kitabu cha 1958. Mfano wake ulikuwa baiskeli: mpandaji anapoelemea upande mmoja hukata usukani kulingana na kanuni ya fizikia ambayo hajawahi kuisikia, na hata akifundishwa kanuni hiyo haitamsaidia kukaa juu ya baiskeli. Mtu anajua mengi kuliko anavyoweza kusema. Kwa upande wa dereva wa manuali, ujuzi huo usiosemeka umegawanyika mwilini. Unyayo unajua sahani imefika wapi, sikio linajua injini imechoka, na kiganja kinajua kama gia imeingia au imeng'ata. Akipanda kilima amejaza abiria, hushusha gia kabla gari halijaanza kulalamika, na akiulizwa amejuaje hana jibu zaidi ya kwamba amejua.

Hapa wapo wanaokwenda mbali mno na kudai kwamba manuali ni udereva wa kweli na otomatiki ni udanganyifu. Dai hilo lina babu wa heshima. Katika kitabu cha Kichina cha Zhuangzi, chenye zaidi ya miaka elfu mbili, mkulima mzee anamwagilia bustani kwa chombo cha mkononi. Anashauriwa atumie mtambo wa mti na uzito unaochota maji mengi kwa nguvu kidogo, naye anakataa: mwenye mitambo huishia kuwa na moyo wa kimtambo. Hadithi ni nzuri, lakini hoja haishiki. Chombo cha mkononi nacho kilitengenezwa na mtu. Manuali nayo si kitu safi kilichotoka kwa Mungu. Kabla ya Cadillac kuleta mwaka 1928 giaboksi inayosawazisha mizunguko ya gia, kila dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kupatanisha mizunguko kwa sikio, na madereva wa malori ya zamani walilazimika hivyo kwa miongo mingi baadaye. Kwa kipimo chao, dereva wa leo wa Hiace anabebwa na mashine. Kama usafi ndio kigezo, mstari unasogea kila anapozaliwa dereva mpya, na kila kizazi kinauchora pale kilipojifunzia.

Kinachobaki baada ya kuondoa usafi ni kitu kinachopimika zaidi, nacho ni kukataliwa. Manuali humkatalia dereva kosa lake papo hapo, mbele za watu. Gari likizima katikati ya barabara, honi zinalia nyuma, na hakuna wa kumsingizia. Ustadi wowote unaoitwa ustadi hujengwa na kitu cha aina hiyo, kitu chenye sheria zake kisichojali nia njema ya mtendaji: mbao kwa seremala, upepo wa ziwa kwa mvuvi wa tanga. Otomatiki haikuliondoa somo hilo katika udereva wote, kwani breki, kona na waenda kwa miguu bado vipo. Imeliondoa katika sehemu moja, ile ambayo mtu alikutana na nguvu ya injini moja kwa moja. Anayependelea manuali hataki kupoteza sehemu hiyo, na kwa kadiri hiyo upendeleo wake una sababu ya haki.

Lakini ni haki ya nani? Aristotle alitenganisha kutengeneza, ambako lengo liko nje ya tendo, na kutenda, ambako kutenda vizuri ndilo lengo lenyewe. Dereva wa daladala wa Igoma yuko katika kundi la kwanza, apende asipende. Lengo lake ni hesabu ya tajiri mwenye gari ipatikane, mafuta yalipwe na kibaki cha kupeleka nyumbani. Kwenye foleni anakanyaga klachi kila baada ya hatua chache, kutwa nzima, na goti la kushoto ndilo linalolipa. Kumwambia mtu huyo kwamba kazi yake ina utajiri wa ndani ambao mwenye IST ameukosa ni kumkejeli. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi, Laborem Exercens wa 1981, aliziona pande zote mbili. Teknolojia ni rafiki wa mfanyakazi inapompunguzia uchovu na kuongeza mazao yake, na hugeuka karibu kuwa adui inapomnyang'anya uradhi, ubunifu na wajibu wake katika kazi. Ugumu ni kwamba katika klachi vitu hivyo vimefungwa pamoja. Pedeli inayochosha goti ndiyo inayobeba ustadi.

Kwa hiyo thamani ya manuali inategemea sana nani ameshika usukani na kwa nini, na jambo hili linaonekana wazi ukiilinganisha Igoma na Marekani. Huko, magari mapya ya manuali ni chini ya mawili katika kila mia, na kwa kiasi kikubwa yanayobaki ni ya michezo, yanayonunuliwa na watu wenye uwezo wa kununua otomatiki. Manuali ni anasa ya anayejua anachotaka. Igoma manuali ni chombo cha kibarua, na otomatiki ndiyo ishara kwamba mtu amepata nafasi. Kitendo kimoja, mguu mmoja, na maana mbili zinazopingana. Anayesifu manuali bila kusema anaisifia upande gani hajasema kitu.

Kuna hata hivyo hasara moja ya kuiacha manuali inayowahusu wote, nayo ni ya jamii. Kenya imekwisha kuitambua kisheria: leseni ya daraja la B1 inaruhusu gari dogo la otomatiki, na ya manuali ni B2. Pamekuwa na watu wazima wenye leseni halali ambao wakikabidhiwa funguo za Hiace hawawezi kuiondoa mahali iliposimama, hata ikiwa ndiyo gari pekee karibu na mgonjwa. Ujuzi wa mwili haurithiwi kwa maandishi. Ukikosa watendaji kwa kizazi kimoja, vitabu vinabaki na namna ya kuuanza upya haibaki.

Swali limepata sura mpya kwa magari ya umeme. Mota ya umeme ina nguvu tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo klachi haihitajiki na mara nyingi gia moja inatosha. Hata hivyo Hyundai, katika Ioniq 5 N ya 2023, iliweka gia za bandia zenye mtikisiko na mlio wa injini isiyokuwepo. Toyota nayo imeonyesha gari la majaribio la umeme lenye klachi na gia za kuigiza, ambalo dereva akikosea linazima kama la kweli. Robert Nozick aliuliza mwaka 1974 kama mtu angekubali kuunganishwa na mashine ya kumpa kila hisia anayoitamani, akaamini wengi wangekataa, kwa kuwa watu hutaka kufanya mambo, haiwatoshi kuhisi wanayafanya. Gari la Toyota linaifanya hoja hiyo kuwa ngumu zaidi, kwa sababu linakataa kwelikweli: mguu ukikosea, gari halisogei. Tofauti iliyobaki ni kwamba ukataaji huo umetolewa kwa ridhaa ya anayekataliwa, naye anaweza kuufuta kwa kubonyeza swichi. Mazoezi yanaweza kuwa ya kweli kwa namna hiyo, kama mieleka ya marafiki ilivyo ya kweli. Kinachokosekana ni ulazima, na bila ulazima ni wachache watakaovumilia miezi ya kuzimikiwa na gari.

Kwa sasa Igoma ulazima huo unaletwa zaidi na pikipiki kuliko gari. Kwa vijana wengi injini ya kwanza maishani ni ya bodaboda, ambapo klachi iko mkono wa kushoto na gia ziko mguuni. Anayetoka hapo kwenda kwenye Hiace anabadili viungo tu, kanuni anayo. Pikipiki za umeme, ambazo zimeshaingia katika kazi ya abiria Nairobi na Kigali, kwa kawaida hazina klachi wala gia za kubadili. Zikienea Mwanza, kijana atakutana na klachi kwa mara ya kwanza katika shule ya udereva, akiwa mtu mzima, kwa kulipia somo.